YAH: MALALAMIKO KUHUSU SEVA ZENU ZA KUHIFADHIA MAFAILI KUENDELEA KUTOKA NA KERNELI YENYE UDHAIFU WA SACK PANIC (CVE-2019-11477)

Kwa Meneja wa Huduma za Kiufundi,

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Seva tulizonunua kwenu, hata baada ya kuwekewa fimuwea (programu endeshi ya kifaa) yenu ya karibuni, ukiandika uname -r, amri inayoonyesha toleo la kerneli (kiini cha mfumo wa Linux), zinajibu 4.14.98. Udhaifu wa SACK Panic, unaomwezesha mtu aliye mbali kuangusha mashine kupitia mtandao, uligunduliwa na Jonathan Looney wa Netflix, ukatangazwa tarehe 17 Juni 2019, na kiraka chake (marekebisho ya msimbo) kimo katika Linux 4.14.127, yaani tawi lilelile mnalotumia. Tulihisi labda mlikipachika wenyewe bila kubadili namba ya toleo. Lakini sysctl net.ipv4.tcp_min_snd_mss, amri ya kusoma mpangilio wa kerneli, inajibu kwamba faili halipo, na kigezo hicho kiliingia pamoja na viraka hivyo.

Jibu la dawati lenu la msaada, kwamba hatari ni ndogo kwa kuwa seva ina nywila, hatulikubali. Mshambuliaji hahitaji nywila. Anafungua muunganisho wa kawaida wa TCP (kanuni ya kusafirisha data mtandaoni) kwenye mlango (port) wowote ulio wazi na kutangaza MSS (kikomo cha ukubwa wa segimenti, yaani kipande kimoja cha data inayotumwa) ya baiti 48. Kati ya hizo, 40 zinaweza kuchukuliwa na nyongeza za kichwa cha TCP, zikabaki 8 tu za data. Seva inapomtumia data, anathibitisha kupokea kwa kurukaruka, kwa njia ya SACK (uthibitisho unaotaja ni vipande vipi vimefika). Kerneli nayo, ili kubana kumbukumbu, inaunganisha data iliyothibitishwa ndani ya bafa (hifadhi ya muda) moja. Bafa hiyo hubeba hadi vipande 17 vya kilobaiti 32. Gawanya kwa baiti 8, unapata segimenti 69,632, ilhali tcp_gso_segs, inayozihesabu, ina biti 16 na mwisho wake ni 65,535. Hesabu inafurika, BUG_ON, ukaguzi wa ndani wa kerneli, inakuta namba hazilingani, na mashine nzima inasimama. Syncookies (kinga dhidi ya mafuriko ya maombi ya kuanzisha muunganisho) mlizotuambia tuwashe hazisaidii hapa, maana shambulio linakuja muunganisho ukiwa umeshakamilika.

Kwenye seva zenu madhara yanazidi kwa sababu mmeacha kernel.panic ikiwa 0. Mashine ikianguka haijiwashi tena. Inabaki imeganda hadi mtu aende kubonyeza kitufe. Data iliyokuwa bado kwenye kumbukumbu inapotea, na kwa mpangilio wa kawaida wa vm.dirty_expire_centisecs, ambao ni 3000, inaweza kukaa humo sekunde 30 kabla ya kuandikwa kwenye diski. Kwa kifaa ambacho kazi yake ni kutunza mafaili ya watu, hili halivumiliki.

Mlishauri pia tuweke net.ipv4.tcp_sack=0, yaani tuzime SACK. Kama huduma ya kwanza, sawa. Ila bila SACK mtumaji hujua takriban pakiti moja iliyopotea kwa kila mzunguko wa kwenda na kurudi, na nakala za akiba zinazopita kwenye viungo vya redio zinadorora. Njia nafuu zaidi ni hii, ya kutupa maombi ya muunganisho yenye MSS ndogo:

iptables -I INPUT -p tcp --tcp-flags SYN SYN -m tcpmss --mss 1:500 -j DROP

pamoja na ip6tables (kwa IPv6) vivyo hivyo, na net.ipv4.tcp_mtu_probing (upimaji wa ukubwa wa pakiti) ikiwa 0, kwani ikiwa imewashwa kerneli yenyewe inaweza kushusha MSS. Kwenu haiwezekani: moduli ya xt_tcpmss, ambayo amri hiyo inaihitaji, haimo kwenye fimuwea, na /etc/sysctl.conf inaandikwa upya kila seva inapowaka. Umeme ukikatika, hata ile kinga ya tcp_sack inafutika.

Tunataka fimuwea mpya ndani ya siku 30. Msiishie 4.14.127, kwa sababu toleo lile lilikuja na kasoro ya kukwamisha miunganisho yenye bafa ndogo za kutuma data, iliyorekebishwa baadaye. Wekeni 4.14.336, na kwa kuwa tawi la 4.14 lilifungwa Januari 2024, tuandikieni mnahamia tawi gani na lini. Wekeni kernel.panic=10, ili mashine ikianguka ijiwashe baada ya sekunde 10, na moduli ya xt_tcpmss.

Mkishindwa, tupeni msimbo wa kerneli mliyoijenga, pamoja na faili la .config (mipangilio ya ujenzi) na skripti za kuijengea. Leseni ya GPLv2, ambayo Linux inatolewa chini yake, inawalazimu kutoa vitu hivyo, nasi tutapachika viraka wenyewe.

Vilevile tangazeni kwa wateja wote orodha ya modeli zilizoathirika. Wengi wao hawana sababu ya kufungua terminali na hawatajua.

Wenu katika kazi,

Kitengo cha TEHAMA