Unataka Kukusanya Magitaa Makavu ya Zamani? Anza na Shingo

Wateja wanaotuulizia magitaa makavu ya zamani, yaani yasiyotumia umeme, karibu wote huanza na jina lililoandikwa kichwani. Jina lina uzito wake, lakini sisi mafundi tukipokea gitaa hutazama shingo kwanza. Lilete jichoni, uchungulie kutoka kichwani kuelekea darajani, pale nyuzi zinapofungwa kwenye uso wa gitaa, kisha uangalie nyuzi zimekaa juu kiasi gani pale shingo inapokutana na mwili. Nyuzi sita za chuma huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi, usiku na mchana. Zikivuta hivyo miaka 60, shingo huinama mbele na uso wa gitaa huvimba nyuma ya daraja.

Kama nyuzi ziko juu, na kile kipande cha mfupa darajani kimeshasuguliwa mpaka hakina pa kushukia, dawa ni moja: kung'oa shingo na kuipachika upya. Kazi hiyo tunaifanya, ila kwa gitaa la bei ndogo gharama inaweza kuzidi bei ya gitaa lenyewe. Hapo ndipo wakusanyaji wapya wengi huumia.

Ulizia pia nyuzi. Magitaa mengi ya kabla ya miaka ya 1920 yaliundwa kwa nyuzi za utumbo wa mnyama. Hata kampuni ya Martin ya Marekani, walioanza kazi mwaka 1833, gitaa lao la kwanza la kawaida kuundwa kwa nyuzi za chuma lilikuja 1922. Ukifunga chuma kwenye gitaa la utumbo, daraja litang'oka, na pengine litaondoka na kipande cha uso.

Umri usiusome kwenye rangi. Martin hugonga namba ndani ya gitaa, kwenye gogo linaloshika shingo, tangu 1898, na orodha ya namba na miaka yake ni rahisi kuipata. Gibson, kampuni nyingine ya Marekani, wanasumbua zaidi: namba nyingi za miaka ya 1960 zilirudiwa, kwa hiyo namba peke yake haitoshi.

Vanishi ya zamani ikichubuka, iache ichubuke. Tafadhali! Gitaa lililopakwa upya huweza kupoteza karibu nusu ya thamani yake, hata kama sasa linang'aa.

Utakutana pia na muuzaji mwenye hadithi, kwamba gitaa hili lilikuwa la mwanamuziki fulani. Hadithi huwa na thamani kweli. Gitaa la Gallotone la Afrika Kusini, la bei rahisi kabisa, liliuzwa mnadani London mwaka 1999 kwa zaidi ya pauni 150,000, kwa sababu lilikuwa la John Lennon wa kundi la Beatles alipokuwa kijana. Lakini lile lilikuwa na ushahidi. Hadithi isiyo na picha wala karatasi usiilipie hata shilingi.

Ndugu zetu mnaonunua Ulaya, Marekani au Ghuba, angalieni mbao. Magitaa mengi ya thamani ya kabla ya 1970 yana mgongo wa rozwudi ya Brazil, mti wa ukoo mmoja na mpingo wetu. Tangu 1992 mti huo uko kwenye orodha kali kuliko zote ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka. Gitaa la aina hiyo likivuka mpaka bila kibali, forodha wanaweza kulizuia. Kibali kiulizwe kabla ya kulipa.

Kwa wa hapa Mombasa, adui ni joto na unyevu. Gundi ya ngozi iliyotumika zamani hulainika, kwa hiyo usiache gitaa ndani ya gari juani. Libaki kwenye kasha lake, mbali na ukuta wa nje.

Ukitaka tulikague gitaa kabla hujalinunua, lilete karakanani. Kama liko mbali, mwombe muuzaji picha nne: shingo ikionekana kwa ubavu, daraja kwa karibu, mgongo mzima, na ndani ya tundu kukiwa kumemulikwa taa. Tutumie hizo, pamoja na bei anayotaka.