Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani: mwenye lori yuko wapi?

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo, na pole na kazi.

Mimi ni mama lishe. Nauza chakula kando ya barabara kuu inayotoka Babati kupitia Kondoa hadi Dodoma, na wateja wangu wengi ni madereva wa malori na utingo wao. Ofisi yako iko Mtumba, basi la asubuhi linanifikisha kabla ya adhuhuri, lakini nimeona niandike hadharani kwa sababu neno lenyewe si langu peke yangu. Sina imani kwamba fedha zinazotajwa kila mwaka kwa ajili ya wahamiaji haramu zinatumika kwa nia ya kuimaliza biashara hii ya kuwasafirisha kwa magendo.

Mwaka juzi, usiku wa kuamkia Ijumaa, lori lilikamatwa hatua chache kutoka kwenye banda langu. Maofisa walishusha magunia ya mbaazi, wakang'oa mbao, kisha wakaanza kutoka watoto. Nasema watoto kwa sababu mdogo wao hakumzidi mjukuu wangu wa darasa la saba. Mmoja alikuwa na kandambili mguu mmoja, wa pili ameufunga mfuko wa rambo. Nilikuwa na ndoo ya maji ya kuoshea vyombo. Waliyanywa yakaisha kabla sijapata namna ya kuwaeleza kuwa ya kunywa yako ndani. Kulipokucha walikalishwa chini kwa mistari, wakapigwa picha, wakapakiwa kwenye gari. Dereva alikuwa ametokomea gizani. Nikasubiri kusikia mwenye lori ni nani, maana gari lina namba na lina kadi. Nasubiri mpaka leo.

Mkoa huu una sababu ya kulikumbuka jambo hili kuliko mikoa mingine. Juni 2012, huko Chitego wilayani Kongwa, walikutwa Waethiopia zaidi ya 40 wamekufa kwa kukosa hewa ndani ya lori, na wenzao waliobaki hai wametelekezwa porini wamedhoofika. Walikuwa wanapelekwa kusini, kama wote wanaopita hapa. Wakati huo tayari tulikuwa na Sheria ya Uhamiaji ya 1995 na ile ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008. Kwa hiyo nikiambiwa kinachokosekana ni sheria, sikubali.

Nije kwenye fedha. Januari 2021, Rais wa Ethiopia wa wakati ule, Sahle-Work Zewde, alipokuja Chato, Hayati Rais Magufuli alitangaza kuwaachia Waethiopia 1,789 waliokuwa magerezani kwetu kwa kuingia nchini kinyume cha sheria. Nilikaa nikapiga hesabu ya jikoni. Tuseme kila mmoja analishwa kwa shilingi 1,000 kwa siku, hela ambayo kwangu haipati sahani ya wali maharage. Ni shilingi 1,789,000 kwa siku, na kwa mwaka zaidi ya milioni 652. Hapo sijagusa dawa, maji, wala mafuta ya gari la kuwapeleka mahakamani. Na katika bajeti mzigo huo hauonekani kwenye Fungu 93 la Uhamiaji, uko Fungu 29 la Magereza. Mbunge akiuliza wahamiaji haramu wanatugharimu kiasi gani, anajibiwa kipande. Sijawahi kusikia vipande vyote vikijumlishwa sehemu moja, wala kusikia ikilinganishwa gharama ya kumfunga kijana yule miaka na gharama ya tiketi ya kumrudisha kwao.

Halafu kuna hili la msimu. Septemba 2013 ilipokuja Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji haramu kule Kagera, Kigoma na Geita, uhusiano wetu na Rwanda ulikuwa umechafuka tangu Mei, Rais Kikwete alipoishauri izungumze na waasi wanaoipinga, FDLR. Waliotimuliwa walikuwemo watu walioishi kwetu miongo, wameoa, wamezika wazazi hapa. Mwishoni mwa Julai 2025 ikatoka amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, miezi mitatu kabla ya uchaguzi mkuu wa Oktoba 29. Amri yenyewe siipingi, mwenye kiduka anastahili kulindwa. Ila vilio vya wafanyabiashara wa Kariakoo kuhusu wageni vilikuwepo kabla ya mwaka wa uchaguzi. Serikali inayoamka pale tu inapobanwa, wananchi tutaijuaje nia yake wakati haibanwi?

Wanaoumia na haraka hizo ni watu kama sisi. Mimi ni Mrangi. Wapo kwetu, na kwa jirani zetu Wairaqw, wenye nywele laini na pua nyembamba. Mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo, alishushwa kwenye basi katika kizuizi kimoja akaambiwa aseme ukweli, yeye ni Mhabeshi. Alikuwa na namba ya NIDA, kadi haijatoka. Akajieleza kwa Kiswahili, akaambiwa Kiswahili hata wageni wanafundishwa. Akaongea Kirangi, hakuna aliyekijua. Basi likaondoka na begi lake. Aliachiwa alasiri, mwenyekiti wa kitongoji chetu alipopatikana kwenye simu. Hakuomba radhi mtu. Tangu siku hiyo akisafiri hubeba cheti chake cha kuzaliwa na cha mama yake.

Maofisa wadogo sina ugomvi nao. Nawaona wanavyokesha kwenye baridi ya Kondoa wamejifunga mashuka. Ninayemuuliza ni wewe, Mheshimiwa, unayesimama bungeni kuomba fedha. Katika hotuba yako ijayo, ukishataja idadi ya waliokamatwa, naomba utaje na wamiliki wa magari waliofungwa ni wangapi, magari yaliyotaifishwa ni mangapi, na mawakala waliotoa hela ya mafuta na ya kuhonga njiani wamefikishwa mahakama ipi. Taja pia kilichoidhinishwa na Bunge na kilichotoka Hazina kweli, maana hivyo viwili kila mwaka tunaambiwa havilingani. Kama idadi ya wenye magari ni sifuri, isome hivyo hivyo, tuisikie.

Namba za lile lori ninazo. Nilizinakili usiku ule ule kwenye daftari la madeni, ukurasa wa nyuma, na dereva wake namjua kwa sura kwa sababu alikuwa ameshakula kwangu mara tatu. Tangu hapo hajaja mtu kuniuliza. Akija kesho nitampa, na nikiitwa mahakamani nitafunga banda niende.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama lishe, barabara ya Kondoa