Semina za afya ya akili hazipunguzi mzigo wa kazi vyuoni

Ndugu Mhariri,

Siku hizi vyuo vikuu vimependa semina za afya ya akili. Mkuu anafungua na kuondoka, mtaalamu anatufundisha kuvuta pumzi na kulala mapema, picha zinapigwa. Kesho yake kila mtu anarudi kwenye mrundikano uleule. Sina ugomvi na washauri nasaha, wengi wanaijua kazi yao. Ninachokataa ni kumtibu mtu huku kinachomuumiza kikiachwa palepale.

Nafanya kazi ofisi ya mitihani. Matokeo yakichelewa, wanafunzi hupanga foleni mlangoni kwetu, si kwa mhadhiri aliyekalia karatasi wala kwa kamati iliyopanga ratiba. Karani hawezi kusogeza hata tarehe moja, lakini matusi yote ni yake. Alama za somo zima hutufikia jioni ya mwisho, na mfumo unafungwa saa sita usiku. Mtafiti Robert Karasek aliliandika hili mwaka 1979: kazi inayomwelemea mtu zaidi ni ile inayomdai mengi bila kumpa nafasi ya kuamua. Sisi makarani, mafundi wa maabara na walinzi tuko hapo hasa, ingawa mjadala ukianza huzungumziwa wahadhiri tu.

Nao wana yao. Mwenye mkataba wa muda huingia darasani kabla hajapata barua ya kuongezewa mkataba, na bado anatakiwa kutunga mitihani, kusimamia tasnifu na kuchapisha makala. Halafu tunaulizana ari ya kazi imepotelea wapi!

Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, halikuuita uchovu uliokithiri wa kazini (burnout) ugonjwa. Limeuhusisha na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Maana yake dawa haiko kwa mfanyakazi peke yake.

Mshahara mzuri tunautaka, nani asiyeutaka? Lakini yapo yasiyohitaji bajeti kubwa. Ratiba ya matokeo ipangwe tukiwepo sisi tunaoitekeleza. Barua za mikataba zitoke kabla ya muhula kuanza. Na anayeteuliwa kuwa mkuu wa idara afundishwe kwanza kusimamia watu, kwa sababu uprofesa alipewa kwa utafiti wake.

Karani wa mitihani
(Jina limehifadhiwa)