Kalafati ya sitaha yako

Mbeya, Agosti

Ndugu yangu Ambakisye,

Salamu za huku baridini. Picha nimezipata. Mtiki wa sitaha yako bado mzima, kilichokufa ni kalafati, ile gundi inayoziba nafasi kati ya mbao. Ila hiyo silikoni ya madirisha uliyopaka juu ya nyufa, Mwaisa, itoe yote. Inaacha utelezi ambao gundi nyingine haishiki.

Kabla ya kukata, mwagia sitaha maji asubuhi kisha isubiri ikauke. Mbao zitarudi kijivu, lakini penye mfuo (ule mtaro mwembamba kati ya ubao na ubao) ulioachia utabaki mstari mweusi wa unyevu, mara nyingi ukingo mmoja tu. Tia chaki hapo. Kata mpaka uipite alama kwa sentimita 10 kila upande, ufikie kalafati inayoshika kweli. Kama zaidi ya theluthi ya mifuo ina chaki, toa yote. Viraka vitakusumbua kila msimu.

Chana kwa kisu kingo zote mbili, halafu vuta kwa ndoano. Ndoano itengeneze mwenyewe: mkia wa tupa kuukuu, upashe moto, ukunje, unoe mdomo uwe milimita 4 kwa mfuo wa milimita 5. Vuta kuja kwako. Ukisukuma, ncha inafuata nyuzi za mbao na kumega ukingo, na ukingo uliomegeka haurudi. Malizia kuta kwa msasa namba 60, kisha puliza vumbi.

Sasa sakafu ya mfuo, ambako wengi wanaharibu. Gundi inatakiwa ishike kuta mbili tu. Mtiki ukilowa unatanuka, ukikauka unasinyaa, na gundi inapaswa kuvutika kama mpira. Ikishika na chini pia, haina nafasi ya kuvutika, inang'oka ukutani. Kwa hiyo laza chini tepu nyembamba ya plastiki isiyoshikana na gundi, upana wa sakafu kamili, isipande ukutani hata kidogo. Mafundi wa majahazi kule pwani hupiga pamba yenye mafuta, lakini hiyo ni ya mbao nene za chombo chenyewe. Yako ni vipande vilivyobandikwa juu ya plaiwudi; pamba haina kazi hapo.

Mtiki una mafuta yake. Futa kuta kwa asetoni na kitambaa cheupe, ukibadilisha kitambaa mpaka kitoke safi, kisha paka praima (dawa ya kutangulia ili gundi ishike) ya gundi hiyohiyo na uiache kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Usichanganye praima ya kampuni moja na gundi ya nyingine.

Jaza alasiri, jua likishuka. Asubuhi mbao zinapopata joto hutoa hewa, na hewa hiyo inatoboa gundi mbichi mapovu. Ncha ya tyubu iguse chini, uijaze kutoka chini kuja juu hadi ifurike kidogo, kisha ikandamize kwa skrepa iliyolazwa. Usiku funika kwa turubai lililoinuliwa. Umande wa ziwani ni mwingi na mvua ya Kyela haina adabu.

Halafu subiri. Gundi ya tyubu moja hukauka kwa unyevu wa hewa, kuanzia juu, kwa hiyo ganda gumu halina maana kwamba ndani tayari. Jaza pia mfuo kwenye kipande cha mtiki cha pembeni, ukikate baada ya wiki moja uone. Ukipiga msasa mapema, gundi inavutwa na kuachia kingo. Ikiwa imeiva, namba 80 kisha 120, kufuata nyuzi. Unene wa mbao ukibaki chini ya milimita 6, usiipunguze tena.

Mfuo wa milimita 5 kwa kina cha 6 unakula mililita 30 kwa mita. Tyubu ya mililita 300 ni mita 10 kwenye karatasi, hesabu 8. Niandikie jumla ya mita ulizotia chaki, niagize tyubu Dar na kukupakilia kwenye basi la Kyela. Zikifika, soma tarehe ya mwisho kabla hujapokea. Iliyopita tarehe hutoka nzito na haishiki.

Wako,
Gwakisa