Miti ya dawa isipandwe juu ya marudio

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo hapa mkoani Tabora husemwa kwa nia njema, lakini husemwa nusu. Kila msimu wa kupanda miti unapokaribia, hasa huku Nzega ambako wachimbaji wadogo wa dhahabu wameacha mashimo na malundo ya marudio, yaani mabaki ya mchanga na tope yanayotupwa baada ya kuoshwa dhahabu, hutokea watu wakapendekeza kwamba maeneo hayo yapandwe mwarobaini, mlonge na miti mingine ya dawa, ili ardhi ipone na wananchi nao wapate tiba. Pendekezo hilo linavutia kwa sababu linaunganisha mambo mawili ambayo kila moja, likisimama peke yake, ni la kweli. Ninachokipinga ni kuutwika mti mmoja kazi zote mbili.

Kwamba mimea huponya watu, sidhani kama yupo wa kubisha. Kwinini, dawa ya malaria, ilitoka katika magome ya msinkona, mti wa milima ya Amerika Kusini, na wakemia wawili wa Ufaransa, Pelletier na Caventou, ndio walioitenga mwaka 1820. Livingstone, yule mvumbuzi na mmisionari Mskoti, ambaye tembe alilokaa pale Kwihara karibu na mji wa Tabora wageni bado hulitembelea, alisafiri na kwinini yake, na sanduku lake la dawa lilipopotea mwaka 1867 kwa kutoroka nalo wapagazi, aliandika kwamba alijiona kama mtu aliyekwisha kusomewa hukumu ya kifo. Dawa mseto ya malaria tunayopewa leo katika zahanati inatokana na artemisinini, kiini cha mmea wa jamii ya pakanga uliotumika China tangu kale, na utafiti huo ndio uliompatia Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kwetu, mizizi na magome ya mlungulungu, mlundalunda na nengonengo havijawahi kukosa wateja, na tangu mwaka 2002 tunayo sheria inayoitambua na kuisimamia tiba asili.

Ni kweli pia kwamba mimea husafisha ardhi, na hapa naomba nikae kidogo, kwa kuwa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mzizi haunywi maji matupu. Huvuta pamoja nayo madini ambayo mmea unayahitaji, kama vile zinki, shaba na fosfeti, lakini njia zinazopitisha madini hayo haziwezi kutofautisha kila kinachobisha hodi. Kadimiamu, metali yenye sumu, hupita mlango wa zinki, na aseniki, sumu nyingine, hupita mlango wa fosfeti. Mimea mingi ikishapitisha sumu hiyo huizuia mizizini au hudhoofika, lakini michache ina uwezo wa kuipandisha hadi kwenye majani na kuihifadhi humo bila kudhurika. Mwaka 2001 watafiti wa Florida, Marekani, walieleza habari za aina ya kangaga ambayo hukusanya aseniki kiasi kwamba inaweza kufikia asilimia 2 ya uzito wa majani yake makavu. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, alizeti ilijaribiwa katika maji yaliyochafuka karibu na kinu kile, mizizi ikining'inia majini, na ikaweza kufyonza kaisiamu na strontiamu zenye mionzi.

Lakini wanaotaja mifano hiyo huishia hapo. Hawaendelei kusema kwamba kangaga lile likishavunwa huhesabiwa kuwa taka yenye sumu, na kwamba alizeti ile haikukamuliwa mafuta ya kupikia. Metali haiozi wala haimeng'enywi kama mafuta ya taa yaliyomwagika au baadhi ya viuatilifu, ambavyo vijidudu wanaoishi kwenye mizizi huweza kuvivunjavunja. Metali huhama tu, ikatoka ardhini ikaingia jani, na uwezo unaoufanya mmea usafishe shamba ndio huohuo unaolifanya jani lake lisifae kuliwa, kuchemshwa wala kulishwa mbuzi.

Anayetaka kuelewa ninachosema aende kwenye mwalo wowote, yaani mahali pa kuoshea dhahabu. Mawe yakitoka kwenye karasha, mashine ya kusagia, yakiwa unga, huoshwa juu ya ubao ulioinamishwa na kutandikwa gunia, na mchanga mzito ulionasa hukung'utwa ndani ya beseni. Humo hutiwa zebaki, mtu akafikicha kwa mikono mitupu mpaka zebaki ikamate dhahabu, kisha akaikamua kwa kitambaa na kulichoma lile tonge la zebaki na dhahabu juu ya mkaa. Mvuke wa zebaki huondoka na upepo na sehemu yake hurudi chini palepale jirani, ilhali zebaki iliyopukutika hubaki katika tope la kijivu linalotupwa pembeni, ambalo ndilo marudio. Na kwenye ukingo wa dimbwi hilo, kwa kuwa ndipo penye unyevu wakati wa kiangazi, utakuta matuta ya mchicha na matembele yamestawi vizuri kabisa. Mchicha unajulikana kwa wepesi wake wa kukusanya kadimiamu. Kustawi kwake hakuthibitishi kwamba udongo ni salama.

Zebaki ina ugumu wake. Mimea mingi haiwezi kuipandisha kwa wingi kutoka mizizini hadi majani, kwa hiyo anayeahidi kwamba miti itainyonya yote ndani ya miaka michache anaahidi asichoweza kutimiza. Hata hivyo majani huipokea kutoka hewani, na mti uliokulia kando ya mahali pa kuchomea tonge hupata sumu kutoka juu na kutoka chini. Zebaki ikisombwa na mvua hadi kwenye tope la bwawa, vijidudu huigeuza kuwa aina nyingine iliyo hatari zaidi, ambayo hupanda kutoka samaki mdogo hadi mkubwa na hatimaye kufika mezani. Kule Minamata, Japani, ugonjwa uliotokana na samaki wa namna hiyo ulitambuliwa mwaka 1956, na jina la mji huo ndilo lililopewa mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ambao Tanzania imeuridhia.

Sasa tuirudishe hoja sokoni. Ukimuuliza muuza dawa mzizi huu unatibu nini, atakueleza kwa ufasaha, pamoja na kipimo na masharti. Ukimuuliza umechimbwa wapi, jibu huwa ni "porini". Pori lipi? La hifadhini Sikonge, au la nyuma ya mialo? Mteja hana namna ya kujua, na mganga mwenyewe, aliyeletewa fungu na kijana wa pikipiki, pengine naye hajui. Kuchemsha hakusaidii. Moto huua vimelea lakini hauiondoi risasi wala kadimiamu, na kadiri maji yanavyopungua chunguni ndivyo kilichoyeyuka humo kinavyozidi kukolea. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2007 mwongozo kuhusu uchafu katika dawa za mitishamba, ambamo viwango vinavyopendekezwa kwa malighafi kavu ni miligramu 10 za risasi na miligramu 0.3 za kadimiamu kwa kilo. Viwango vidogo kiasi hicho havionekani kwa macho wala havionjeki kwa ulimi, hata uwe ulimi wa mganga mwenye uzoefu wa miaka mingi.

Sisi wa Tabora, kwa bahati, tunao mfano shambani mwetu. Tumbaku ni hodari wa kuvuta kadimiamu kutoka ardhini na kuiweka kwenye jani, na mbolea za fosfeti mara nyingi huja na kadimiamu kidogo ndani yake. Hii ni mojawapo ya sababu za mvutaji wa sigara kuwa na kadimiamu nyingi mwilini kuliko asiyevuta. (Kwa hiyo hata kwenye shamba la tumbaku lililopumzishwa ningeuliza kwanza kabla ya kupanda mitishamba, ingawa hofu yangu hapo haifikii ile ya kwenye marudio.)

Kwa maoni yangu, kazi inayowezekana kwenye marudio ni kuyashikilia yasisambae. Nyasi za vetiva, ambazo mizizi yake huweza kushuka mita 3 kwenda chini, zimetumika katika nchi mbalimbali kufunika mabaki ya migodi, na faida yake ni kwamba sumu nyingi hubaki mizizini badala ya kupanda majanini. Zikipandwa kwa mistari inayokingama mteremko, huzuia tope lisifike mtoni, na vumbi nalo hupungua. Uzio ni lazima, maana mbuzi hasomi kibao. Na kwa kuwa mkoa huu una njaa ya kuni, za kupikia na za kukaushia tumbaku kwenye mabani, ningeomba pasipandwe hapo mti wowote unaotamanika kwa kuni, kwa sababu zebaki iliyomo kwenye kuni hurudi hewani mara inapowashwa moto, na safari hii itakuwa jikoni.

Miti ya dawa nayo ipewe mahali pake. Ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayotengwa yapumzike, zilizofufuliwa na mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) kwa majirani zetu wa Shinyanga kuanzia mwaka 1986 zilionyesha kwamba miti ya asili hurudi yenyewe ardhi ikipumzishwa na wenyeji wakaisimamia, na wafugaji wa Nzega na Igunga wanaujua utaratibu huo vizuri kuliko mimi. Mlungulungu unaokua ndani ya ngitili ya kijiji, mbali na mialo, una historia inayoweza kuulizwa na kujibiwa.

Kwa hiyo ombi langu kwa halmashauri zenye machimbo ni kwamba, kabla ya mvua za Novemba na kabla mche mmoja haujatolewa kitaluni, sampuli za udongo wa maeneo yanayokusudiwa zipelekwe Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na majibu yabandikwe kwenye mbao za matangazo za vijiji husika. Waratibu wa tiba asili wa wilaya nao waanze kuwataka wauzaji waandike jina la kijiji kilikochimbwa kila fungu. Kazi hiyo haihitaji maabara, inahitaji daftari na kalamu.

Msomaji wako,
Nzega, Tabora