Kabla hamjaitia chupani dawa ya bibi yenu

Wanangu na wapwa zangu,

Salamu nyingi. Ile chupa mliyonipa siku ya hitma nimeiweka dirishani, naitazama kila asubuhi. Karatasi yake imechapwa vizuri: "Dawa ya Bibi, inatibu magonjwa arobaini." Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mama yangu hakuwahi kutibu magonjwa arobaini. Nikiyahesabu hayafiki kumi na mawili, na katika hayo kuna ambayo, yakilala usiku wa pili, alikuwa hayagusi tena.

Biashara sikatazi. Sheria ya tiba asili ipo tangu 2002, Baraza linasajili waganga na dawa zao, nendeni mkajiandikishe kama wenzenu. Hilo dogo. Kinachonisumbua ni kwamba mmerithi majina ya miti tu.

Chukueni mjafari ule wa njia ya mtoni, wenye miiba iliyokaa juu ya vinundu. Bibi yenu alikuwa akinichukua alfajiri. Anabandua gamba la upana wa vidole viwili upande wa macheo, jingine upande wa machweo, basi. Kidonda anakipaka udongo mbichi. Nikidhani ni uganga. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba chakula cha mti kinapita kwenye gamba, ukilimenya duara zima mti unakufa umesimama. Ile macheo na machweo ilikuwa breki ya mtu mwenye haraka. Halafu kipande cha kwanza anakitafuna mwenyewe. Ulimi usipofanya ganzi, anatupa vyote na siku hiyo hachemshi kitu. Nani kati yenu amewahi kutafuna? Juzi nimepita pale, mti umemenywa pande zote kuanzia chini hadi kiunoni. Sitauliza ni nani.

Namna ya kutengeneza nayo ni dawa. Dawa mseto ya malaria mnayopewa zahanati imetokana na pakanga ya Wachina. Yule mama mtafiti, Tu Youyou, alihangaika nayo sana, ikichemshwa nguvu inapotea. Akarudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4: loweka konzi moja majini, kamua, kunywa. Moto haukutajwa. Akaacha kutumia joto kali, ikafanya kazi, na 2015 akapewa Nobel. Fikirini kama Ge Hong angeandika jina la jani peke yake, kama mlivyofanya nyinyi kwenye chupa.

Sasa la kwangu. Mwaka 1983, bibi yenu ameshafariki, mkoba wake nimeurithi mimi na kichwa kimevimba. Mtoto wa nyumbani akashikwa na degedege usiku. Mama alikuwa na neno moja tu kwa degedege: "Mbebeni." Yaani hospitali, hata iwe saa nane za usiku, hata kwa baiskeli. Mimi nikamfukiza, nikamkanda, nikangoja kuche. Tulipofika wodini daktari hakunigombeza. Aliniuliza ilianza saa ngapi, akaandika. Mtoto alipona, ila mguu wa kushoto anauburuta mpaka leo. Mnamjua. Nimemwomba ruhusa kabla ya kuandika haya, akasema niandike.

Lile "mbebeni" halimo kwenye karatasi ya chupa yenu.

Dada yangu ndiye pekee aliyebaki katika waliotwanga naye. Macho yamepungua, lakini majani anayatambua kwa kuyafikicha na kunusa. Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao atakuwa hapa kwangu. Njooni na daftari, chupa ziacheni. Njooni kabla ya chai, maana gamba halitafunwi na mdomo wenye sukari.

Baba yenu na mjomba wenu