Shada la bi harusi katika upepo wa Dodoma

Bi harusi anapofika dukani kwetu kwa mara ya kwanza, mara nyingi huja na picha kwenye simu yake: haidrenjia za bluu zilizosongamana, au mayungiyungi meupe yanayoshuka karibu kufika magotini, katika mandhari ya nchi yenye baridi na ukungu. Tunaitazama picha hiyo pamoja naye kwa makini, kwa kuwa inatuonyesha rangi anazozipenda na umbo analolitamani. Kisha tunamwuliza jambo ambalo wengi hawalitarajii: shada hili utalishika kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na picha mtapigia wapi? Jibu lake ndilo linalotuongoza kuchagua maua.

Dodoma iko kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari, katika ukanda mkavu wa katikati ya nchi. Mvua zetu kwa kawaida huanza Desemba na kukoma Aprili, na miezi inayobaki ni ya ukavu, ambapo upepo huvuma mchana kutwa na kubeba vumbi. Familia nyingi huipenda miezi hiyo kwa harusi, kwa sababu mvua haitawaharibia sherehe, tena Juni na Julai hakuna joto kali. Ndipo watu hudhani kwamba maua nayo yatakuwa salama. Ukweli ni kwamba ua lililokatwa linaendelea kupoteza maji kupitia majani na petali zake, na hewa kavu yenye upepo huyanyonya maji hayo upesi hata kama jua si kali. Likiwa kwenye chombo, ua hufidia kwa kunywa kupitia shina. Likiwa mkononi mwa bi harusi, halina pa kunywa.

Tulilijifunza hili kwa uchungu. Katika siku za mwanzo za kazi yetu tulikubali kutengeneza shada la haidrenjia tupu kwa harusi ya Septemba. Ibada ilianza saa nne asubuhi, na shada lilikuwa zuri mno. Saa saba mchana maharusi walikwenda kupigwa picha katika shamba la mizabibu nje ya mji, mahali pa wazi pasipo kivuli, na kabla ya saa nane vichwa vya haidrenjia vilikuwa vimelegea, petali zimekunjamana kama karatasi ya sigara. Katika picha zilizofuata bi harusi ameshika mkono wa mumewe tu, na shada halionekani. Hakutulaumu, lakini tangu siku hiyo hatumpi bi harusi ua lolote la kushika mkononi kabla ya kulijaribu. Tunalifunga bila maji, tunaliweka kwenye dirisha lililo wazi upande wa upepo, na kuliacha kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Aina ya ua iliyonyauka tunaitumia kwenye meza za ukumbini tu, ambako itakuwa ndani ya maji.

Karnesheni hulishinda jaribio hilo bila shida. Tunafahamu kwamba wapo wanaoidharau na kuiita ua la bei rahisi, na hapo hatukubaliani nao hata kidogo: karnesheni nyeupe au za rangi ya pichi zikikusanywa kwa wingi huonekana laini kama kitambaa cha hariri, na jioni bado zinasimama wima. Krisanthemamu ndogo, alstromeria na orkidi nazo huvumilia vizuri. Jipsofila, yale maua meupe madogo kama punje za mtama, hata ikikauka hubaki na umbo lake, kwa hiyo haimwaibishi mtu.

Waridi ndilo ua linaloombwa kuliko yote, na uhai wake hutegemea zaidi namna lilivyoandaliwa. Waridi zetu nyingi hutoka mashamba ya Arusha na Kilimanjaro, zikisafiri zaidi ya kilomita 400 kupitia Babati na Kondoa zikiwa zimelazwa kwenye maboksi bila maji. Katika safari hiyo hewa huingia kwenye mirija ya shina na kuizibisha, na ndiyo sababu waridi huweza kuinamisha shingo hata likiwa limesimamishwa kwenye ndoo iliyojaa. Tukiyapokea, kila shina tunalikata upya kwa mshazari, sentimita 3 hivi, kwa kisu kikali, tunaondoa majani yote ambayo yangezama, kisha tunayaacha yanywe usiku kucha katika chumba cha baridi kisicho na mwanga mkali. Maji nayo yana neno lake. Baadhi ya visima vya Dodoma vina maji ya chumvi, na chumvi hufupisha maisha ya waridi, hivyo tunatumia maji ya mvua tuliyoyahifadhi au yaliyochujwa.

Kama mnanunua waridi wenyewe, liminyeni tumba taratibu kwa vidole viwili pale chini linapoungana na kikonyo. Likiwa gumu, ua ni bichi. Likibonyea kama nyanya iliyoiva, limekaa siku nyingi, hata kama petali zake za nje bado zinapendeza. Kwa harusi ya Jumamosi, sisi hupokea waridi Alhamisi yakiwa matumba, ili yafunguke kiasi tu kufikia asubuhi ya ibada. Anayetaka waridi jekundu kwa harusi ya Februari ajue kwamba bei hupanda kuelekea tarehe 14, kwa hiyo aweke oda yake mapema.

Mayungiyungi hatuyakatai, ila vile vijiti vya katikati vyenye chavua lazima viondolewe ua linapoanza kufunguka, kwa kuwa chavua hiyo ya kahawia huacha doa kwenye gauni jeupe. Ikidondoka, msiifute kwa mkono wala kwa maji, bali ibandueni kwa selotepu. Alizeti zinazotapakaa mashambani kwetu na Singida zinatuvutia sisi pia, lakini ni za kukamua mafuta: vichwa vyake ni vizito na chavua yake ni nyingi. Wapo pia wanaotuuliza kwa nini hatutumii bogonvilia inayostawi katika kila ua wa nyumba hapa mjini. Ile rangi tunayoiona ni ya majani membamba yanayozunguka maua madogo, na tawi likikatwa husinyaa mapema sana.

Kuhusu ukubwa, ushauri wetu ni wa kujizuia. Shada la mviringo lenye waridi 20 hadi 25 pamoja na jipsofila linamtosha bi harusi wa kimo cha kawaida, na linapaswa kushikwa usawa wa kitovu, si kifuani, ili nakshi za gauni zionekane. Mashina tunayapanga kwa kuzungusha, kila moja likilala upande uleule juu ya mwenzake, ili fundo libaki jembamba na mkono usichoke. Kuhusu rangi, tunaomba mje na kipande cha kitambaa cha gauni pamoja na kile cha sare ya wasimamizi, kwa sababu nyeupe ya maziwa na nyeupe ya theluji zikikaa pamoja, moja huonekana chafu.

Siku yenyewe tunamkabidhi matroni shada likiwa ndani ya chombo chenye maji, na tunamwomba alitoe wakati gari linapokaribia kanisani au msikitini, ayafute mashina kwa taulo, kisha alirudishe majini kila bi harusi anapoketi. Ndani ya gari lisiachwe juani, wala lisiwekwe karibu na ndizi mbivu au maembe, kwa kuwa matunda yanayoiva hutoa gesi inayozeesha maua, na karnesheni, pamoja na uvumilivu wake wote, haiwezi kustahimili gesi hiyo.